Wanaoshuka Same

Katika miezi ya Julai na Agosti, ambayo Ulaya ni majira ya joto ilhali kwetu ni kipupwe na kusi lavuma, wageni humiminika fukwe za Nungwi na Paje kule Unguja hata mtu asipate pa kutandika mkeka wake, na huko kaskazini mwa Serengeti magari husongamana ukingoni mwa mto Mara yakingoja nyumbu wavuke, mithili ya abiria wangojao pantoni ya Kigamboni. Mwenyeji wa Unguja atafutaye utulivu wakati huo aghalabu huvuka kwenda Pemba. Na aliye bara, kwa rai yangu, hana haja ya kuivuka bahari, kwani barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi yapita chini ya milima mizima ambayo wasafiri huitupia jicho dirishani, kisha wakasinzia tena.

Milima hiyo ni ya Upare, na mlango wa Upare wa Kusini ni mji wa Same.

Kila penye faragha pana sababu yake, na msafiri mwenye busara huiuliza sababu hiyo kabla ya kufunga mizigo. Maana pengine watu hawaendi kwa kuwa hapana kitu, na pengine hawaendi kwa kuwa jirani ana jina kubwa. Jirani wa Upare ni Kilimanjaro, na hilo peke yake latosha. Fauka ya hayo, Same umekaa upande ambao mvua huufikia kwa uhaba, nchi ya vumbi, katani na miiba, basi apitaye huuhukumu mlima kwa kuutazama unyayo wake, kama mtu ahukumuye jumba kwa ua wake. Wala si kwamba mji huu haukupata kujaa watu: mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani wakapiga kambi hapa, kwenye makao ya Bwana Shauri, mtawala wa wilaya wa zama za ukoloni, kuikataa kodi iliyoitwa mbiru, lakini hao hawakuja kutembea.

Safari yangu ya kwanza nilifika stendi alasiri, nikiwa nimejiaminisha kwamba gari la mlimani litaningoja. Mzee mmoja aliyeketi nyuma ya mafungu ya tangawizi aliniambia bila kuinua uso, “La Mbaga limeshaondoka, mwanangu. Lala, kesho uje mapema.” Nikalala, nikala makande, ambayo Wapare huyapika kwa ustadi usiopatikana hotelini, mahindi na maharage yameiva hata yakakaribia kusahau kwamba yalikuwa vitu viwili. Haya ndiyo malipo ya faragha: magari ni machache, na atakaye kwenda kwa saa yake mwenyewe na aje na gari lenye magurudumu ya kuaminika.

Huko juu dunia hubadilika. Migomba na mibuni huchukua nafasi ya miiba, baridi hudai sweta, na huko Mamba tangawizi hulimwa miteremkoni. Kitu kilichonishika zaidi ni ndiva, bwawa la udongo na mawe ambalo wazee wa Kipare walilibuni zamani: maji ya kijito huelekezwa humo usiku kucha watu wakiwa wamelala, na alfajiri mwenye zamu huzibua tundu lililo chini, maji yakashika mfereji kuteremka shambani kwake, na kesho yake ikawa zamu ya mwingine. Nilisimama nikayatazama yakitoka, kwanza meusi kwa tope, kisha meupe, na mwenye zamu akiyafuata na jembe begani kama mchunga na ng’ombe wake.

Apendaye misitu atakwenda Chome, hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, ambako kilele cha Shengena chafikia takriban mita 2,460 na ukungu haubanduki kwa urahisi. Mna humo ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, ambaye wataalamu hawajamkuta popote duniani ghairi ya Upare wa Kusini. Na atakaye wanyama wakubwa, lango la Zange la Hifadhi ya Mkomazi ni mwendo mfupi kutoka Same. Nchi hiyo ilitengwa tangu 1951, nayo yapakana na Tsavo ya Kenya. Faru weusi na mbwa mwitu walirejeshwa humo kwa kazi ya miaka mingi. Ila nisimdanganye msomaji: tembo wengi huingia kutoka Tsavo wakati wa mvua, na ajaye kiangazi kwa tamaa ya makundi makundi huenda akazunguka asubuhi nzima akawaona twiga wawili na upeo mpana. Mimi upeo ulinitosha.

Majira yenyewe pia yataka kuchaguliwa. Mwisho wa mwaka Wapare, kama jirani zao Wachaga, hurudi kwao, mabasi hujaa, na ile faragha haipo tena, wala mgeni hana haki ya kulalamika. Mvua nazo si za kufanyiwa mzaha kwenye miteremko ile: Novemba 2009 ardhi iliporomoka kijijini Goha, ikafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 20. Kwa hiyo Juni hata Septemba ndiyo miezi yake, ikiwemo ile Julai na Agosti ambayo fukwe hazipitiki.

Jioni ya mwisho nilikuwa Suji, upande utazamao magharibi. Chini kabisa, barabara kuu ilikuwa kama uzi, na taa za mabasi zikifuatana kuelekea Moshi, hata moja isipunguze mwendo.