Tembe la Kwihara: Nyumba Inayoishi kwa Paa Lake

Ndugu msomaji, iwapo utashuka kutoka Nyakitonto hadi stesheni ya Kigoma na kupanda gari moshi kwenda Tabora, usiondoke huko kabla ya kufika Kwihara, kilomita chache nje ya mji. Utaona tembe: nyumba ya udongo yenye kuta nene na paa bapa.

Waingereza huzilinda kisheria nyumba zao za matofali za karne ya 18. Nasi tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Lakini tembe lina adui asiyesoma sheria, yaani maji. Tofali lililochomwa huvumilia mvua, ukuta wa udongo mbichi huyeyuka. Kwa hiyo uhai wa nyumba umo katika paa: boriti za miti, juu yake udongo ulioshindiliwa. Ufa usiozibwa kabla ya mvua huozesha boriti, na ukuta hufuata.

Livingstone na Stanley walifika Kwihara Februari 1872, wakitoka Ujiji. Stanley aliondoka Machi. Mwenzake alingoja wapagazi hadi Agosti 25.

Jengo lililopo lilijengwa upya mwaka 1957. Atakayesema kwamba kwa sababu hiyo si la kale, sikubaliani naye. Tembe tangu zamani ni nyumba ya kukarabatiwa kila mara. Cha kale ni ufundi. Linalotia wasiwasi ni kwamba vijana wetu hujifunza kupigilia mabati, wala si kushindilia paa la udongo.