Mtoto Aongeleshwe Lugha Gani?

Tembea asubuhi moja tu hapa Isiolo, kutoka Bulapesa mpaka sokoni, nawe utasikia maziwa yakiitwa majina sita. Mborana atakwambia aanan, Msomali caano, Msamburu kule, Mturkana ngakile, Mmeru iria, na sisi wa Chama cha Kiswahili tutasema maziwa. Wakubwa tumeshazoea. Je, mtoto mchanga azaliwaye katikati ya lugha zote hizi afanyeje?

Swali hili lilizuka nyumbani kwetu dada yangu alipojifungua. Dada ni Mborana, shemeji ni Mmeru, na jirani anayemshika mtoto mama akienda sokoni ni Mturkana. Wageni waliokuja kumpongeza mzazi walileta sukari, sabuni na mashauri. Mmoja alisema ati lugha nyingi zitamchanganya mtoto, atachelewa kusema. Wa pili akataka aongeleshwe Kiingereza peke yake ili asitaabike shuleni, ingawa nyumbani humo hakuna anayekisema kwa raha. Wa tatu akacheka: "Kwani mtoto wa wiki mbili anasikia nini? Mwacheni alale." Akko (ndivyo tumwitavyo nyanya kwa Kiborana) hakumjibu mtu. Alimpakata kitukuu wake akaendelea kumsimulia habari za ng'ombe.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma juu ya jambo hili kila nipatapo nafasi, na naona Akko aliwashinda wote watatu.

Tuanze na yule aliyecheka. Mtoto husikia hata kabla ya kuzaliwa. Katika miezi ya mwisho ya mimba masikio yake yanafanya kazi, na akizaliwa huitambua sauti ya mamake kati ya sauti za wanawake wengine. Isitoshe, mwaka wa 1984 wataalamu wawili huko Kanada, Janet Werker na Richard Tees, walionyesha kwamba mtoto wa miezi 6 hivi aliyezaliwa penye Kiingereza hutofautisha sauti za Kihindi ambazo mtu mzima wa Kiingereza hupata taabu kuzipambanua. Anapokaribia mwaka mmoja, uwezo huo umefifia, kwa kuwa sikio lake limeshazoea sauti za nyumbani. Yaani mwaka tunaodhani ni wa kunyonya na kulala tu, kumbe mtoto yumo darasani!

Sasa huyu wa lugha kuchanganya. Mtoto wa lugha mbili au tatu hupita hatua zile zile za wenzake: aa na uu karibu na mwezi wa 2 au wa 3, ba-ba-ba na ma-ma-ma kuanzia mwezi wa 6 hivi, neno la kwanza akikaribia mwaka, na maneno mawili pamoja kabla ya miaka 2. Shida iko kwetu tunaohesabu. Ukihesabu Kiswahili chake peke yake utamwona yuko nyuma. Hesabu aanan na maziwa kuwa maneno mawili, ndipo utajua alicho nacho. Na usidhani hesabu hiyo ni ya wasomi tu. Huko Kilifi watafiti walitengeneza orodha za maneno ya watoto kwa Kigiriama na kwa Kiswahili, wakawauliza wazazi kwa mdomo, kwa sababu wengi hawakujua kusoma. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka wa 2015. Mama asiyejua kusoma anajua vyema mwanawe anasema nini.

Kuhusu Kiingereza, sina chuki nacho. Lakini anayesema lugha asiyoimudu husema machache: njoo, kaa, wacha. Katika lugha yake mwenyewe atasimulia, atatania, ataimba. Basi kila mtu amwongeleshe mtoto kwa lugha aliyo na raha nayo, mama kwa yake, baba kwa yake, jirani kwa yake.

Tena wala haihitaji pesa. Mtoto yuko mgongoni na wewe unateka maji? Mwambie: tunateka maji, mtungi umejaa, twende. Akitoa sauti, nyamaza umsikilize, kisha mjibu kama mtu aliyesema jambo. Kunyamaza huku ndiko tunakosahau, maana wengine huongea mfululizo kama redio. Akianza maneno, usimcheke. Kamil Ud Deen, ambaye kitabu chake cha mwaka 2005 kinaeleza Kiswahili cha watoto wa Nairobi, alikuta kwamba aghalabu wadogo hudondosha kiambishi cha mwanzo, yaani husema "taka maji". Hapo hapana haja ya somo la sarufi. Jibu tu: "Unataka maji? Haya, shika maji."

Simu haiwezi kazi hii. Mwaka wa 2003 Patricia Kuhl na wenzake huko Marekani waliwapa watoto wa miezi 9 Kichina. Waliochezeshwa na mtu walijifunza sauti zake. Waliotazama mtu yule yule kwenye televisheni hawakuambulia kitu.

Liko jambo moja ambalo maongezi hayaliponyi. Mtaani kwetu kuna mtoto aliyeitwa mzito wa ulimi mpaka akatimiza miaka 3. Watu walilaumu Kisomali na Kiswahili kuchanganyika. Kumbe masikio yake yalikuwa yakitoka usaha, yakauka, yakatoka tena, na nusu ya maneno hakuyasikia. Ukimwita mtoto kutoka nyuma hageuki, au amefika mwaka bila ba-ba-ba, au mwaka na nusu bila neno hata moja la lugha yoyote, au alikuwa akisema akaacha, mpeleke kliniki na uombe masikio yapimwe. Sikio likitoka usaha usingoje hizo dalili nyingine. Nenda mara moja, na usitie humo mafuta ya moto wala maziwa.