Ulinzi wa Mungu wakati wa maradhi (2): Kinga isiyo na ukuta

Juma lililopita tuliona kwamba Maandiko yanamruhusu mgonjwa kumlilia Mungu na kumwita daktari kwa wakati uleule. Leo tunaingia kwenye swali zito zaidi, linalosikika hapa Lubumbashi kila kipindupindu kinapozuka: kama Mungu ni ngao, mbona hata waombaji wanaugua?

Swali hilo huja limeshikana na Zaburi ya 91. Wakati wa maradhi hakuna zaburi inayopendwa kama hiyo. Watu huibandika mlangoni, huisoma kwenye makesha ya Katuba na Ruashi, huwafundisha watoto waikariri kabla ya kulala. Ndani yake mna tauni, mna maelfu wanaoanguka kando ya mwamini, mna malaika wanaomchukua mikononi. Mwenye hofu akiisoma anapata pumzi, na hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, zaburi hii ina kisa ambacho wahubiri wengi hukipita haraka. Fungueni Mathayo au Luka, sura ya 4. Anayeinukuu pale ni Shetani. Anamsimamisha Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumwambia ajitupe, kwa kuwa malaika wameagizwa kumdaka. Ananukuu mstari wa 11 na wa 12, kisha anakoma. Mstari wa 13, unaosema juu ya nyoka kukanyagwa, hausomi; wafasiri wa kale walishamshika kwa hilo. Yesu haikani zaburi. Anajibu kwa Kumbukumbu la Torati 6:16, kwamba Mungu hajaribiwi, kama Waisraeli walivyomjaribu kule Masa.

Na Masa kulikuwa na nini? Kulikuwa na shida ya maji. Kitabu cha Kutoka, sura ya 17, kinasimulia watu wenye kiu jangwani, waliogeuza kiu yao kuwa mtihani wa kumpima Mungu kama yupo au hayupo. Tazameni alivyowajibu. Hakumpa kila mwenye imani kibuyu chake hemani. Alimwagiza Musa atembee pamoja na wazee mpaka kwenye mwamba, aupige, na watu wanywe. Ulinzi ulikuja kwa njia ya chemchemi moja ya wote, na viongozi walitakiwa kwenda kusimama pale.

Mwafrika mmoja alilielewa jambo hili mapema. Sipriani alikuwa askofu wa Karthago, katika nchi tunayoiita leo Tunisia. Mnamo mwaka 252 tauni kali ilikuwa ikiushambulia mji wake. Yeye mwenyewe aliandika jinsi ilivyoanza kwa kuharisha kulikommaliza mtu nguvu. Wakristo wake walinung'unika: mbona tunakufa sawa na wapagani? Sipriani aliwajibu kwamba maadamu wako duniani, mwili wao ni mmoja na wa watu wengine wote. Njaa ikishika mji haichagui nyumba, na merikebu ikipasuka inazama na wote waliomo. Akaongeza kwamba tauni inapima jambo jingine: je, wazima wanawahudumia wagonjwa? Je, madaktari wanawakimbia wanaowalilia? Naye akawahimiza waumini wasiishie kwa wenzao, wawasaidie hata waliokuwa wakiwatesa.

Sasa turudi nyumbani. Mji wetu, ulioitwa Elisabethville, ulianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipoufikia. Waliouchora waliogopa malaria. Jibu lao lilikuwa kuwatenga watu: Wazungu katikati ya mji, Waafrika kwao, na baina yao ukanda mtupu wenye upana wa mamia ya mita. Hesabu yao ilikuwa kwamba mbu akishauma Mwafrika hataweza kuruka umbali huo wote mpaka kwenye kitanda cha Mzungu. Kamalondo, iliyoitwa Albert wakati ule, ilipangwa ng'ambo ya ukanda huo. Lakini kila asubuhi wapishi, wafua nguo na walezi wa watoto waliuvuka kwenda kazini, maana waliouchora ukanda hawakuwa tayari kujipikia. Na mwishoni mwa 1918, mafua makubwa yaliyoizunguka dunia yalipofika Katanga, hayakuwa na haja ya kuulizia nani anakaa upande upi.

Ninawakumbusha hayo kwa sababu kuna namna ya kuisoma Zaburi ya 91 inayochora ukanda uleule. Mtu anafika kwenye maneno ya maelfu wanaoanguka, na moyoni anasema: wao waanguke, mimi nimefunikwa. Hapo sala imekuwa mpaka kati yake na jirani. Wakoloni walitumia mita. Yeye anatumia mistari.

Kipindupindu kinaifichua dhana hiyo kuliko maradhi mengine. Katika mkoa wetu kinakaa sana kando ya ziwa Moero na mto Luapula, kwenye kambi za wavuvi za Kilwa na Kasenga, na kutoka huko kinasafiri na watu. Mwanzoni mwa 2008 kilizishika Likasi na Lubumbashi pamoja. Chukueni kiwanja cha kawaida cha pembezoni mwa mji. Ukuta wa matofali umesimama, juu yake vipande vya chupa vya kuwazuia wezi. Ndani kuna kisima kilichochimbwa kwa mkono, kwa sababu bomba la shirika la maji, Regideso, halifiki au halitoi. Hatua chache nyuma ya ukuta ni shimo la choo la jirani. Mvua za Januari zikinyesha, maji ya shimo yanajaa, yanapenya udongo na kuingia kisimani. Chini ya ardhi hakuna matofali wala chupa. Usalama wa kisima changu unategemea choo cha mwenzangu.

Kuna na jambo lililojificha zaidi. Wengi wanaoambukizwa hawaugui kabisa au wanaharisha kidogo tu, lakini kwa siku kadhaa wanatoa vijidudu chooni. Basi yule anayeshuhudia kanisani kwamba ugonjwa haukumgusa, huenda umempitia kimya na kwenda kwa mtoto wa jirani. Akienda kwenye kilio bila kunawa, akaingiza mkono kwenye sahani moja ya bukari na wafiwa, amewapelekea kifo huku akimshukuru Mungu kwa uzima. Shukrani yake ni ya kweli. Nayo isimzuie kunawa kwa sabuni.

Dawa yenyewe ni nyepesi. Kipindupindu kikali kisipotibiwa kinaweza kuua hadi nusu ya wanaoshikwa. Kikitibiwa mapema, hakifikishi hata mmoja kwa mia. Kazi kubwa ni kurudisha maji na chumvi mwilini. Penye uhaba wa pakiti za dawa, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi vinamshikilia mgonjwa akiwa njiani kwenda hospitali. Mama anayekoroga kikombe hicho saa nane za usiku, akimnywesha mtoto kidogo kidogo na kusali, ni malaika wa zaburi ile akiwa kazini.

Mwezi wa 3 mwaka 2020, makanisa na misikiti ya nchi nzima ilifungwa kwa sababu ya korona, ikafunguliwa tena mwezi wa 8. Wapo waliosema Mungu amefukuzwa nyumbani mwake. Lakini aliyebaki kwake ili asimpumulie mzee wa jirani alikuwa ndani ya ibada, tena ibada yenye gharama, hasa kwa muuzaji wa soko la Kenya, hapa hapa mjini kwetu, anayekula leo alichouza leo. Kwa mtu kama huyo parokia iliyochanga unga ilihubiri ulinzi wa Mungu kuliko ile iliyopiga kelele juu ya milango.

Je, tuendelee kuisali Zaburi ya 91? Tena kwa sauti! Lakini tuisali kwa ajili ya mtaa. Popote inaposema "wewe", mtaje jirani kwa jina lake. Na tukishasema amina, wazee wa kanisa waende pamoja mpaka kwenye kisima, kama wale wa Masa: wapime umbali wake na choo, watie klorini, waandike barua ya bomba na waisukume mpaka ijibiwe. Jumuiya inayofanya hivyo haimjaribu Mungu. Imemwamini kiasi cha kumfuata mpaka kwenye maji.

Juma lijalo tutakaa na Ayubu, tuwasikilize walioomba, wakachemsha maji, wakanawa mikono, na bado wakazika.