Alama za Mtihani Zinatuambia Nini Kuhusu Daktari Mtarajiwa?

Kamati ya parokia inayomlipia kijana ada ya masomo ya udaktari hupokea matokeo yake kila mwaka, na swali la kwanza huwa: "Amepata ngapi?" Ni swali la haki, kwani fedha hizo zimetoka katika mifuko ya waumini na wafadhili. Hata hivyo, kabla ya kumpongeza mwanafunzi au kumkatia msaada, ni vema tuelewe alama hizo hupatikanaje.

Tuseme walimu wawili, katika vyuo viwili, wametunga kila mmoja mtihani wake wa magonjwa ya watoto. Mmoja ametunga maswali magumu, mwingine mepesi. Mwanafunzi aliyepata 60 kwa yule wa kwanza anaweza kuwa anajua zaidi kuliko aliyepata 75 kwa yule wa pili. Tukilinganisha namba tupu, tutamwonea mmoja.

Kipimo kimoja kwa vyuo vingi

Nchini Marekani tatizo hili limetafutiwa dawa kwa njia ya mitihani ya pamoja ya masomo. Hutungwa na Bodi ya Taifa ya Watahini wa Tiba, iliyoanzishwa mwaka 1915. Vyuo vingi huitumia mwanafunzi anapomaliza zamu yake ya mafunzo katika wodi za magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, wanawake na uzazi, au akili. Kwa kawaida mtihani huwa na maswali 110 ya kuchagua jibu, na hufanywa kwa saa 2 na dakika 45.

Maswali hayo si ya kukariri. Mengi huanza na habari za mgonjwa. Kwa mfano: mama mwenye mimba ya wiki 34 anaumwa kichwa sana, shinikizo lake la damu ni 170/110, na mkojo wake una protini. Je, hatua ya kwanza ni ipi? Mwanafunzi anatakiwa kutambua dalili za hatari ya kifafa cha mimba na kuchagua dawa za kuzuia degedege na kushusha shinikizo.

Ili mtihani wa mwaka huu ulingane na wa mwaka jana, baadhi ya maswali yaliyokwisha kutumika hurudiwa. Kwa njia hiyo watunzi hujua kama mtihani mpya ni mgumu au mwepesi zaidi, na alama husawazishwa.

Kisichopimwa kwa karatasi

Pamoja na uzuri huo, karatasi haiwezi kuonyesha kama mwanafunzi anajua kumpima mama yule shinikizo la damu kwa usahihi, au kumweleza mumewe kwa upole kwamba hali ni ya hatari. Aidha, wapo wanafunzi wanaokimbia wodi ili wakajisomee maswali. Bodi yenyewe inashauri kwamba alama hizi zisitumike peke yake.

Ndiyo maana vyuo vingi huongeza mtihani wa vitendo wa vituo, ulioelezwa mwaka 1975 na Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Scotland. Mwanafunzi hupita kituo hadi kituo akifanya kazi zile zile wanazofanya wenzake, na mtahini hujaza alama katika orodha iliyoandaliwa mapema.

Nasi tufanye nini?

Katika vyuo vyetu vya Tanzania, vikiwemo vile vya Bugando na KCMC, mitihani ya somo hutungwa na walimu wa chuo husika, na mtahini kutoka nje ya chuo huwa mlinzi wa haki. Kwa hiyo kamati inapopokea matokeo, iombe mambo matatu: alama za kila somo pamoja na alama ya kufaulu, taarifa ya walimu kuhusu kazi yake wodini, na, kama ameshindwa somo, nafasi aliyopewa ya kurudia.

Kijana aliyeanguka somo moja anaweza kulirudia na kuwa daktari mzuri. Tukimkatia ada kwa sababu ya namba tusiyoielewa, huenda tunaiondoa zahanati ya kesho mikononi mwa mtu ambaye angemwokoa mama yule.