Wayeye Walikiwasha Kabla ya Tivii

Wanangu wa Bariadi, bando la kitaa hiki linaishia kwa wazungu wanaorukia mamba mgongoni. Kuna madogo waliozaliwa baada ya Steve Irwin kuchomwa na samaki aina ya taa baharini, Septemba 2006, na bado wanamjua mchizi huyo wa Australia mpaka kaptula yake ya kaki. Poa, mwamba alistahili, aliwapenda wanyama kwelikweli. Ila naumia nikiona dogo huyohuyo anaipita ngoma ya nyoka bila hata kutoa simu mfukoni, eti hayo ni mambo ya wazee.

Sanukeni. Simiyu ina watangazaji wa wanyama hatari wenye umri mkubwa kuliko tivii yoyote.

Nawasema Wayeye. Hicho ni chama cha Wasukuma wakamata nyoka, na huingii kwa mzuka tu. Unakaa chini ya fundi, unafundishwa kumjua swila na kifutu, unachanjwa dawa, na siri za chama zinabaki ndani ya chama. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi kwenye serikali ya Tanganyika akichunguza mila, aliwaandikia makala nzima mwaka 1946. Mwanakijiji akigongwa na nyoka, wao ndio walioitwa. (Siku hizi ukigongwa usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Tulia, mguu usitikisike, mtu akuwahishe hospitali. Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, maana inaua zaidi ya watu 80,000 kila mwaka.)

Sasa njoo kwenye shoo yenyewe, hapo ndipo unyama ulipo. Karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walibishana dawa ya nani ina nguvu zaidi kwenye ngoma. Wafuasi wao wakawa Bagika na Bagalu, na ubishi haujaisha mpaka leo. Mavuno yakishaingia ndani, makundi mawili yanashuka uwanja mmoja na kuanza kwa wakati mmoja. Hakuna jaji mwenye kalamu. Nyomi ndiyo inaamua: upande uliojaza watu umeshinda. Pata picha presha ya manju, kiongozi wa ngoma, anapoona watu wanaanza kuhamia kwa wapinzani! Hapo ndipo chatu anatolewa, anavishwa shingoni, kichwa chake kinaingizwa mdomoni mwa mchezaji, na watu wanarudi mbio. Chatu hana sumu, sawa, lakini akikubana kifua hupumui, na meno yake yamepinda kuelekea ndani, akishika haachii kirahisi. Mwenye nyoka anaimba, anachekesha, anacheza, na muda wote huo anamsoma mnyama: misuli imekaza au imelegea, kichwa kinaelekea wapi. Na hana nafasi ya kusema "kata, turudie."

Kumsoma mnyama ndiko kulikombeba hata Hugo van Lawick. Mholanzi huyu alipiga kambi ya mahema Ndutu, karibu na mpaka wa Pori la Akiba Maswa, akaishi pale miaka kibao akishuti mbwa mwitu, fisi na chui. Filamu yake ya The Leopard Son ilitoka 1996, na alifariki Dar mwaka 2002. Mbwa mwitu wa nyika za Serengeti walitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikabidi kuanzia 2012 wengine wahamishwe kutoka Loliondo. Kwa hiyo mkanda wa mbwa mwitu wa mshua yule unakuonyesha mnyama ambaye pori lenyewe liliwahi kumpoteza. Hiyo ndiyo thamani ya kushuti mapema.

Na hatari haiji kila mara na meno. Michael Grzimek, Mjerumani wa miaka 24, alikuwa na baba yake Bernhard wakihesabu na kushuti wanyama wa Serengeti kwa ndege ndogo. Januari 1959 ndege ikagongana na tumbusi, akafa palepale porini. Filamu yao ikabeba Oscar mwaka uliofuata. Simba wote wale, na kilichomuua ni ndege wa mizoga.

Hao wote walitoka mbali kuja kutusimulia pori letu. Sisi tembo wanaingia mashambani Meatu na Itilima, geti la Ndabaka liko jirani na Lamadi kwenye lami, na Wayeye tunawaita babu. Kwa nini stori hii isubiri mtu apande ndege?

Kwa hiyo Juni mpaka Agosti, ngoma zikishika kasi, toka geto. Shika simu, nyoka mwachie fundi. Muombe manju ruhusa kabla ya kurekodi, mtoe chochote kitu, muulize alifundishwa na nani na yeye ni Mgika au Mgalu. Rekodi anavyoongea, Kisukuma chake kisikatwe. Na ukiposti, jina lake liwe kubwa kuliko lako.