Biogesi Siakago: Hesabu ng'ombe na maji kabla ya kutuma pesa

Gesi ya mtungi ikiisha tarehe 20 na pesa bado, wengi wetu tunarudi kwa kuni. Lakini kama una ng'ombe hapo Siakago, huenda gesi unayo tayari, imelala zizini. Kinyesi huchanganywa na maji, ndoo kwa ndoo, kikaingia kwenye tangi lisilopitisha hewa. Bakteria wanakichachusha, methani inapanda, bomba linaileta jikoni. Kinachobaki ni mbolea ya shamba.

Ng'ombe wawili wa kufugia zizini hutosha kupikia familia ya kawaida. Shida ya huku Mbeere ni kwamba mifugo wengi hushinda malishoni, na kinyesi kinabaki hukohuko. Cha usiku peke yake kinaweza kukosa kutosha. Na maji je? Ndoo mbili za kinyesi zinataka ndoo mbili za maji, kila siku, hata Septemba wakati maji yanakuja kwa punda. (Mkojo wa ng'ombe unaweza kushika nafasi ya sehemu ya maji. Usicheke.)

Hesabu ikikubali, kuna kampuni kama Sistema.bio zinazouza mitambo ya mfuko kwa lipa mdogo mdogo. Hapo ndipo simu yako inaingia. Tuma malipo ya kwanza kwa paybill ya kampuni, soma jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, na usifute meseji hata moja hadi deni liishe. Fundi akikuambia, "Nitumie mimi, nitapeleka ofisini," mwambie paybill iko.