Sheria haiishii kwa kura



Siku moja, kule Kabare, mama mmoja mulimaji aliniuliza: "Mwanangu, wewe mwenye kusoma mambo ya kilimo, ile sheria ya kilimo inasema nini juu ya mashamba?" Nilikuwa nayo ndani ya simu, kwa Kifaransa. Nikaanza kutafsiri, nikakwama ku kifungu cha pili. Nilisikia haya. Njo maana leo nataka tuone sheria inatoka wapi, na inapaswa kufika wapi.

Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 130, inaruhusu watu wa aina tatu kuanzisha sheria: serikali, kila mbunge na kila seneta. Ikitoka kwa serikali, inaitwa projet de loi. Ikitoka kwa mbunge ao seneta, ni proposition de loi, na serikali inapewa siku 15 za kutoa maoni yake.

Kisha inapita Bunge la Taifa na Seneti, kule Kinshasa. Pande zote mbili zinapaswa kukubali maneno yale yale. Zisipopatana, inaundwa komisioni yenye watu sawa toka kila upande. Ikishindikana tena, Bunge la Taifa njo linakata neno.

Sheria ikipita, inatumwa kwa raisi ndani ya siku 6. Yeye iko na siku 15: atie sahihi, ao airudishe wajadili tena. Akinyamaza mpaka muda upite, inahesabika imetangazwa. Ile ya kilimo, namba 11/022, ilitiwa sahihi tarehe 24 Desemba 2011.

Wengi tunafikiri kazi imeisha hapo. Hapana! Soma kifungu cha 142. Sheria inaanza kutumika siku 30 kisha kutokea ndani ya Journal officiel, isipokuwa yenyewe iseme vingine. Tena, ndani ya siku 60 tangu kutangazwa na raisi, serikali inapaswa kuieneza kwa Kifaransa na kwa kila lugha ya taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba.

Basi yule mama hakuniomba zawadi. Aliomba haki yake.

Kisha juma mbili nilirudi na kurasa tatu za Kiswahili, nimeziandika kwa mkono. Aliita majirani, tukasoma pamoja mpaka jioni.

Wewe wa droit, wa medesini, wa ekonomia: sheria gani inagusa kazi yako? Chagua moja, uieleze kwa Kiswahili, uipeleke kwenu. Unaanza na ipi?